Uzi, Ngozi na Kibuyu: Gambusi na Zeze katika Fasili za Kamusi na Uhakiki

Msomaji wa leo akikutana na neno kinanda katika ushairi wa kale, humjia akilini chombo cha kanisani chenye vibao vya kubonyeza. Kinanda cha ngoma ya gungu kilikuwa ala ya nyuzi. Jina ndilo lililohamia kwenye ala za Kizungu, hata kwenye gramafoni, bila kubadili sura. Hilo limekwisha kusemwa. Tatizo liko katika masahihisho yenyewe. Ufafanuzi uliozoeleka husema kwamba kinanda ni gambusi, gambusi ni aina ya udi, na zeze ni jamaa yao, kana kwamba majina manne yanagombania kitu kimoja. Ukisomwa kutoka upande wa Mtwara, ambako uwanda wa juu wa Wamakonde unaikaribia bahari karibu na mlango wa Ruvuma, ufafanuzi huo haushiki.

Zeze la huko ni ufito bapa wa mti. Nyuzi hupita juu ya ufito huo, vituta vichache vya kuwekea vidole huchongwa upande mmoja, na kibuyu kilichokatwa hufungwa chini. Kibuyu hakibebi nyuzi, kazi yake ni kukuza sauti. Mpigaji hukisogeza kifuani na kukiondoa, sauti ikafumba na kufumbuka. Ukiondoa kibuyu, zeze linabaki zeze. Gambusi ni kinyume chake: gogo moja hufukuliwa, tumbo na shingo vikawa kipande kimoja, na mdomo wa tumbo ukawambwa ngozi. Kuitoa ngozi ni kuiua ala. Fasili inayoishia kwenye “ala ya muziki yenye nyuzi” haiwezi kuvitenga viwili hivi, na inazidi kupotosha inapokumbukwa kwamba kwa Wagogo zeze ni ala inayopigwa kwa uta.

Sauti za majina zingetosha kuwashtua watunga kamusi. Kwa kawaida /q/ ya Kiarabu huingia katika Kiswahili kama /k/: kalamu, kadhi, kahawa, kaburi. Gambusi, kutokana na qanbus ya Yemeni, ina /g/. Matamshi hayo ni ya vinywa vya watu wa Hadhramaut, si ya vitabu, na ndiyo yanayosikika pia katika gambus ya Kimalei na gabusi ya Komoro, ng'ambo ya bahari mbele ya Ruvuma. Neno lilisafiri pamoja na mabaharia na chombo mikononi mwao. Zeze lina ndugu wengine: jejy ya Madagaska, ambayo nayo ni ufito na kibuyu, na ndzendze ya Komoro, ambayo ni sanduku lenye nyuzi ubavuni. Komoro, basi, majina yote mawili yapo na hayajachanganywa.

Nyuzi nazo zina historia. Gambusi ya zamani ilitumia utumbo wa mnyama. Komoro sasa wapigaji hufunga mshipi wa kuvulia, yaani nailoni. Jejy ilianza kwa nyuzi za mimea kabla ya waya. Kiswahili huita vyote hivi uzi, na ukarimu huo wa lugha umewafanya wahakiki wavivu. Ngozi hulegea hewa inapokuwa na unyevu, na masika ya pwani si adui mdogo. Tena ngozi hukata mlio upesi kuliko ubao. Anayelinganisha sauti ya kinanda cha gungu na udi wa taarabu, wenye tumbo la vipande vyembamba vilivyounganishwa na uso wa mbao, anausikia muziki mwingine kabisa. Udi huo ulipata nguvu Unguja katika zama za vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kuurudisha nyuma hadi kwenye tumbuizo ni kuupa ushairi mwandani ambaye haukuwa naye. Mshairi aliyeimba juu ya mlio mfupi alilazimika kuubeba mstari kwa koo lake, na vina vyake havina budi kusikilizwa hivyo.

Kwa nini kusini hakukusikika? Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyewaongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876. Kiswahili alichokiandika, hata hivyo, kilikuwa cha Unguja, na usanifishaji ukafuata njia hiyo hiyo. Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu, lakini kazi yake ikawekwa kwenye rafu ya wanaethnografia, ambako watunga kamusi hawaendi mara kwa mara. Kidahizo cha zeze kinahitaji maana mbili zenye namba, ya ufito na ya uta, kila moja na mahali pake. Cha gambusi kinahitaji neno ngozi.