Waya Hukatikia Palipochunwa

Redio ikifika kwa fundi, iwe Kasulu mjini au Kibondo, inalia na kunyamaza, mara nyingi spika ni nzima na betri ni nzima. Kilichokatika ni waya, milimita mbili tatu kutoka kwenye lehemu, na lawama zote huangukia lehemu. Kwa maoni yangu kosa lilitendeka kabla, waya ulipochunwa kwa meno au wembe.

Chukua waya wa spika wenye nyuzi saba za shaba. Wembe ukizungushwa kwenye ganda hukata uzi mmoja au nyuzi mbili, na zinazosalia hubaki na mkwaruzo. Fundi anazisokota, analehemu, redio inalia. Lakini lehemu imepanda ndani ya nyuzi na kuzikakamaza. Pale ukakamavu unapoishia ndipo waya unapopinda kila redio inapobebwa kwenda shambani, au ikizungushwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuitafuta Radio Kwizera ya Ngara. Mkwaruzo nao uko papo hapo. Lazima waya ukatike.

Dawa ni koleo la kuchunia waya, ila si lolote. Lile linalojivuta lenyewe, linalopendwa na mafundi umeme wa majumba, linafaa sana nyaya za milimita za mraba 1.5 na 2.5. Kwenye waya wa redio huteleza au huchana. Anayejifunza elektroniki atafute lenye matundu ya namba 20 hadi 30 za AWG (kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya), yaani kipenyo cha milimita 0.8 kushuka hadi 0.25; namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba zaidi. Asome pia maandishi kwa makini, maana baadhi ya makoleo hutaja kipenyo na mengine eneo: waya mzima wa kipenyo cha milimita 0.8 una eneo la milimita za mraba 0.5 tu. Waya wa nyuzi nyingi huwa mnene kidogo kuliko waya mzima wa namba ileile, hivyo anza na tundu kubwa zaidi.

Nenda dukani na kipande cha waya wako. Hesabu nyuzi kwenye ncha, chuna milimita sita, hesabu tena, kisha uitazame shaba juani. Uzi ukipungua au mkwaruzo ukionekana, jaribu tundu kubwa linalofuata. Yote yakikwaruza, rudisha koleo. Nyumbani, sokota nyuzi kwa kufuata msokoto wake wa kiwandani, na lehemu iishie milimita moja kabla ya ganda.