Maji Ndani ya Odi: Namna ya Kuupima Mkeka

Mkeka, katika lugha ya wanaobeti mpira, ni orodha ya mechi zilizochaguliwa pamoja na dau lililowekwa juu yake, nao husemwa umetiki pale utabiri wote unapotimia, na umechanika pale hata mmoja unapokosea. Kwa kuwa matokeo ndiyo yanayoonekana, wengi wa wanaobeti wilayani Sikonge, kama wenzao wa Tabora mjini na kwingineko, huupima mkeka baada ya mechi kwisha, ilhali mjuzi huupima kabla mpira haujaanza, kama mnunuzi anavyoipima asali kabla ya kuilipia.

Mfano wa asali, zao ambalo misitu ya miombo ya wilaya hiyo inajulikana kwalo, hautolewi kwa pambo tu. Asali inayokubalika sokoni kwa kawaida haizidishi asilimia 20 ya maji, kwani ikizidisha huweza kuchacha. Na odi, yaani namba ambayo dau huzidishwa nayo mkeka ukitiki, nayo ina maji yake. Mechi ikiwekewa odi ya 1.80 kwa mwenyeji, 3.40 kwa sare na 4.50 kwa mgeni, mpimaji huigawa 1 kwa kila namba, akapata asilimia 55.6, 29.4 na 22.2, ambazo jumla yake ni 107.2. Kwa kuwa uwezekano wa mechi nzima hauwezi kupita 100, ile 7.2 iliyozidi ndiyo maji, nayo ni faida ya kampuni ya kubeti, iliyokwisha kuchanganywa kabla mteja hajashika simu.

Urefu wa mkeka ndio unaowaponza wanaoanza, maana kila mechi inayoongezwa huja na maji yake. Mikeka ya mechi tano zenye maji ya kiasi hicho, ikisukwa kwa muda mrefu, hurudisha kwa wastani kama shilingi 700 kwa kila 1,000, kabla hata kodi ya ushindi haijakatwa. Timu za kujazia, zile zenye odi ya 1.20 ambazo huongezwa kwa kuaminika kwamba hazifungwi, haziponyi jambo hilo: tano zikiwekwa pamoja, odi zenyewe zinakiri kwamba mkeka utatiki mara 4 tu katika 10, na hapo maji hayajachujwa.

Novemba 7, 2024, Yanga, mabingwa watetezi wa Ligi Kuu ya Tanzania na timu ya kujazia kama ipo, walifungwa 3–1 na Tabora United kwenye uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Aliyeiweka Tabora kwa mapenzi ya nyumbani alilipwa vizuri, lakini mapenzi si kipimo, na mkeka wake haukuwa umesukwa vizuri kwa sababu tu ulitiki.

Mpira wa Marekani, ambao nao hubetiwa kwa simu, unafaa kuwa darasa la pili, kwa kuwa hesabu yake iko wazi zaidi. Huko aghalabu hubetiwa kwa handikapu, yaani pointi anazokatwa mwenye nguvu ili pande mbili zikaribiane, na kila upande huwekewa odi inayokaribia 1.91, hivyo maji hubaki kama 4.7 tu. Kuupiga mpira ukapita kati ya milingoti huleta pointi 3, na kuufikisha eneo la mwisho la wapinzani huleta 6, pamoja na 1 ya mkwaju unaofuata; kwa hiyo tofauti za 3 na 7 ndizo zinazotokea zaidi mwisho wa mechi. Asiyelijua hilo huona hatua ya kutoka handikapu ya 2.5 kwenda 3.5 ni sawa na ya kutoka 4.5 kwenda 5.5, kumbe ya kwanza ina thamani kubwa zaidi.

Kipimo cha mwisho huhitaji daftari. Mpimaji huandika odi aliyoipata, kisha odi ya timu hiyohiyo dakika chache kabla ya mechi, wakati habari za majeruhi na vikosi zimekwisha kuingia sokoni. Aliyechukua 2.10 kwa timu iliyoingia uwanjani ikiwa na 1.85 alinunua asali nzito, hata kama mkeka ulichanika dakika ya 90; aliyechukua 1.85 ikapanda hadi 2.10 alinunua maji, hata kama alilipwa usiku uleule.