T8 si Mahali: Jinsi Mimea ya Afrika Mashariki Ilivyoorodheshwa

Fungua kitabu chochote cha mfululizo wa Flora of Tropical East Africa. Chini ya maelezo ya kila mmea utakuta mstari mfupi wa herufi na tarakimu, mfano K 7, T 3, 6, 8, Z, P. Hapo ndipo unapoambiwa mmea unaota wapi. K ni Kenya, T ni Tanzania Bara, U ni Uganda, Z ni Unguja na P ni Pemba. Tarakimu ni kanda: Uganda ina nne, Kenya saba, Tanzania Bara nane. Ukijumlisha na visiwa viwili unapata kanda 21 kwa nchi tatu zenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7.

Watu wa uhifadhi wanaulalamikia sana mgawanyo huu, na hoja wanazo. T8 inaanzia mikoko ya Kilwa na Lindi, inapita miombo ya Tunduru, inapanda hadi milima ya Wamatengo karibu na Ziwa Nyasa. K7 inaweka kapu moja mchanga wa Lamu na misitu ya ukungu ya Taita. Milima ya Udzungwa imekatwa katikati, upande wa Kilombero ukaingia T6 na upande wa Iringa ukaingia T7. Ukiambiwa mmea fulani uko T8, hujaambiwa kitu cha kukufikisha kwenye mmea wenyewe.

Pamoja na hayo, nasema waliochora kanda hizo walifanya uamuzi sahihi. Kanda zilikuwa faharasa. Taarifa yenyewe iliwekwa kwingine, kwenye lebo ya kila kielelezo kilichokaushwa, na kosa ni letu sisi tunaosoma faharasa kisha tukafunga kitabu.

Sehemu za kwanza za Flora zilitoka mwaka 1952, kazi ikiongozwa kutoka bustani ya Kew, London. Matarajio ya mwanzo yalikuwa miaka 15 hivi. Ilichukua 60. Ilipofungwa mwaka 2012 ilikuwa na sehemu 263, waandishi 135 kutoka nchi 21, na spishi 12,104 za mimea ya porini. Kati ya hizo, kama 1,500 zilikuwa hazijawahi kupewa jina la kisayansi kabla ya kazi kuanza. Hapo unaona kwa nini hesabu ya miaka 15 ilikwenda kombo: walikuwa wanaorodhesha mali ambayo sehemu yake ilikuwa haijafika ghalani.

Uamuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa kuandika kwa familia, si kwa eneo. Wangeweza kumaliza Kilimanjaro, wakaenda Uluguru, kisha Mlima Elgon, na serikali za wakati ule zingefurahi kupata kitabu cha kila mkoa. Badala yake, mtaalamu mmoja alipewa familia moja ya mimea na nchi zote tatu kwa pamoja. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, alipewa Rutaceae, familia ya michungwa na milimau, iliyotoka 1982, na Anacardiaceae, familia ya mwembe na mkorosho, iliyotoka 1986. Familia ya mbuni, yaani Rubiaceae, ilikuwa kubwa kiasi cha kuhitaji sehemu tatu, ya kwanza 1976 na ya mwisho 1991.

Faida ya utaratibu huo inaonekana mezani. Mtaalamu anaazima vielelezo vya familia yake kutoka hebaria zote, yaani maghala ya mimea iliyokaushwa, anavitandaza, anaanza kupanga mafungu. Tawi la Usambara na tawi la Nguru yanalala sambamba. Kwa macho ya mtu aliyekwenda Usambara peke yake, mmea wake ni spishi mpya. Kwa macho ya mwenye vielelezo 60 mbele yake, ni ncha moja ya mfululizo usiokatika.

Mfano mzuri ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa mmea jina. Baadaye mtaalamu wa mimea B. L. Burtt alitambua spishi zipatazo 20, akitegemea sana manyoya ya jani: marefu au mafupi, yamesimama au yamelala. Mimea mingi aliyoichunguza ilikuwa ya kupandwa, na kila mmoja ulitokana na mbegu au vipandikizi vya mahali pamoja tu. Iain Darbyshire alipoandika familia ya ua hilo kwa ajili ya Flora, mwaka 2006, alikuwa na vielelezo vingi zaidi vya porini. Manyoya aliyoyakuta yalikuwa yakibadilika hatua kwa hatua kutoka bonde hadi bonde, bila mahali pa kukata. Spishi 20 zikabaki sita, nyingi zikashuka kuwa nususpishi. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ukaiingiza jenasi nzima ndani ya Streptocarpus.

Wapo waliokasirika, maana mmea ukishushwa cheo fedha za kuutunza nazo hupungua. Nadhani Darbyshire alikuwa sahihi, na wa kulaumiwa ni mfumo wa uhifadhi unaohesabu majina badala ya mabonde yenyewe.

Sasa turudi kwenye kielelezo. Mkusanyaji anatafuta tawi lenye ua au tunda, kwa sababu uainishaji wa mimea inayotoa maua umejengwa juu ya viungo vya uzazi. Jani tupu mara nyingi halisemi kitu. Tawi hilo analikunjua ndani ya gazeti, jani moja ligeuzwe upande wa chini uonekane, analibana na makadibodi kati ya mbao mbili kwa mikanda, kisha anakausha juu ya moto mdogo akibadilisha karatasi kila siku. Katika msitu wenye mvua za mfululizo moto hauwaki vizuri na ukungu hula vielelezo kwa usiku mmoja. Hapo vielelezo hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kumwagiwa spiriti ili vivumilie hadi mjini. Vitapona ila vitageuka rangi ya kahawia.

Ndiyo sababu kalamu ina kazi kubwa kuliko mbao za kubania. Rangi ya ua itapotea. Harufu itapotea. Utomvu mweupe unaotoka gome likikatwa, urefu wa mti, ikiwa uliota juu ya jiwe la chokaa au kando ya kijito, hakuna hata kimoja kitakachobaki kwenye karatasi. Vyote huandikwa papo hapo, pamoja na mahali, mwinuko, tarehe, jina la mmea kwa lugha ya wenyeji, na namba ya mkusanyaji isiyorudiwa maisha yake yote. Majina ya wenyeji hayakuwa pambo. Peter Greenway, aliyeitunza hebaria ya Amani huko Usambara, alikuwa amekusanya ya kutosha kuchapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937.

Tawi moja haligawiki, kwa hiyo hukatwa matawi kadhaa ya mmea uleule na nakala hutawanywa: moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, moja Nairobi, moja Kew. Anayedhani huo ni urasimu akumbuke Berlin. Mimea ya enzi ya Wajerumani, kazi ya akina Holst wa Usambara na Volkens wa Kilimanjaro, ilipelekwa huko na kupewa majina na Adolf Engler na wenzake. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliichoma hebaria ya Dahlem, Berlin, na vielelezo takriban milioni nne vikateketea. Miongoni mwavyo vilikuwamo vile rasmi, yaani karatasi moja ambayo jina la spishi limefungwa kwayo kisheria. Jina likikosa karatasi yake, mabishano hayana hakimu. Waandishi wa Flora walilazimika kusaka nakala zilizokuwa zimetumwa kwingine kabla ya moto, Kew au Amani kwenyewe. Hebaria ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ina takriban vielelezo milioni moja. Mara nyingi nakala iliyookolewa ndiyo iliyoteuliwa kuwa hakimu mpya.

Thamani ya lebo inaonekana vizuri zaidi kwa mti uitwao Erythrina schliebenii, jamaa wa mbamba-ngoma, wenye maua mekundu na miiba. Mjerumani Schlieben aliukusanya Lindi miaka ya 1930. Haukuonekana tena, na mwaka 1998 ukatangazwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukakutwa kwenye kipande cha msitu kusini mashariki mwa Tanzania, kisha msitu huo ukafyekwa kupisha shamba la mimea ya nishati. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena. Mti wa aina hiyo hautafutwi kwa T8. Unatafutwa kwa lebo: wilaya gani, udongo gani, mwezi gani ulikuwa na maua. Bila mistari ile michache ya Schlieben hata swali la kama umetoweka lisingeulizika.

Kuna pengo ambalo njia hii iliacha wazi. Wakusanyaji walifuata barabara na reli, na wakarudi tena na tena Usambara kwa sababu Amani ilikuwa huko. Pengo jingine liko juu. Mti wa mita 40 hauna ua unaofikiwa kwa mkono. Unahitaji mpandaji, au kamba iliyorushwa kwa manati, au bahati ya kuokota maua yaliyoanguka. Kwa hiyo miti mikubwa kabisa ndiyo iliyochelewa. Mwaka 2025 ilichapishwa Tessmannia princeps, mti mpya kwa sayansi kutoka misitu ya Udzungwa, wenye urefu wa mita zipatazo 40. Waliouona kwanza kwa macho ya kisayansi walikuwa pamoja na wataalamu wa mimea wanaotoka vijiji vya palepale, watu wanaojua mti kwa gome lake bila kungoja ua.

Hilo linanileta kwenye lawama yangu kubwa kwa Flora, na haihusu kanda. Kazi hii iliandikwa zaidi Kew na watu wa Kew. Waethiopia walianza yao mwaka 1980 kwa msaada wa Sweden, na sehemu ya mpango ilikuwa kuwasomesha vijana wao hadi udaktari na kuikuza hebaria ya Addis Ababa. Walimaliza mwaka 2009, na siku hiyo walikuwa na vitabu na pia wataalamu wa kuviendeleza. Sisi tulipata vitabu bora na warithi wachache, na Flora haikai bila mrithi. Ile sehemu ya migunga iliyoandikwa na J. P. M. Brenan mwaka 1959 bado ni hodari kwa maelezo, lakini jina la jenasi Acacia sasa ni la miti ya Australia. Migunga yetu imegawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Mwanafunzi anayeishika peke yake atatambua mti sawasawa kisha ataandika jina lililopitwa na wakati.

Sehemu ya mwisho kabisa, mwaka 2012, ilikuwa Solanaceae, familia ya nyanya, pilipili na ndulele, iliyoandikwa na Jennifer Edmonds. Ndani yake umo mnavu, mboga inayouzwa mafungu kwa mafungu sokoni. Huo tunaouita mnavu ni spishi kadhaa, na ufunguo wa kuzitenganisha unakuuliza mambo ambayo muuzaji huyaona kila siku: tunda likiiva ni jeusi au la rangi ya chungwa, linang'ang'ania kikonyo au linaanguka lenyewe.

Kwa mwanafunzi wa misitu au ofisa wa wilaya anayeandaa orodha ya mimea ya hifadhi yake, ombi langu ni hili. Orodha ya majina kwenye jedwali haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote baadaye. Kwa kila jina lenye shaka, pata kibali, kausha tawi lenye ua au tunda, andika mahali kwa kipimo cha GPS na kwa jina la kijiji, kisha peleka nakala Dar es Salaam, Arusha, Makerere au Nairobi. Herufi T na tarakimu yake ataziandika mtu mwingine.