Nova haikuipika dhahabu ya Geita

Ukitaka kumvuta msomaji wa Geita au Shinyanga kwenye habari za nyota, njia ya mkato ni kumwambia kwamba dhahabu ya kwao ilipikwa kwenye nova. Inanoga kuisikia. Ila si kweli, na inaficha sehemu tamu zaidi.

Nova hutokea pale nyota kibete nyeupe, masalia ya nyota iliyozeeka, inaponyonya haidrojeni ya nyota jirani. Haidrojeni ikirundikana, inalipuka kwa mpigo kama bomu la nyuklia. Lakini kinacholipuka ni ngozi ya juu tu. Nyota yenyewe inabaki, na mlipuko unaweza kujirudia. Moto wa namna hiyo hautoshi kuunda dhahabu.

Tunajuaje yaliyomo kwenye gesi inayorushwa? Hapa ndipo waandishi wengi wanaporuka. Mwaka 2018 nova V906 Carinae ilipowaka, darubini ya angani NuSTAR ilinasa eksirei kali kutoka kwake. Gesi iliyotoka baadaye kwa kasi iliigonga iliyotangulia polepole, ikapata joto la nyuzi takribani milioni 100. Gesi ya nje ilivyozimeza eksirei dhaifu ilionyesha kwamba ina nitrojeni na oksijeni nyingi kuliko Jua. Mantiki si ngeni: hata mashine ya eksirei ya kupima usafi wa dhahabu inategemea kwamba kila elementi ina alama yake.

Dhahabu inadai tukio kubwa zaidi. Agosti 2017 tulishuhudia nyota mbili za nyutroni zikigongana, na mwanga wake ukaonyesha elementi nzito zikiundwa. Huko ndiko pa kuitafutia asili.

Na kama lazima tupate ndoano ya nyumbani, mbona ipo ya kweli? Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazimeza. Setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuzichunguza ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Jamani, neno letu limo kwenye msingi wa sayansi hii, halafu tunalipita!

Mchimbaji hanunui jiwe kwa sababu tu linang'aa. Tusimuuzie sentensi kwa sababu hiyo.