Mzimu wa Watu wa Kale: Damu ya Leo na Siri ya Jana

Huenda mwalimu akakiepuka kitabu hiki kwa jina lake tu, akidhani chafundisha kuogopa mizimu. Sivyo. Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye hadithi hii ilimpatia tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikapigwa chapa 1960, afundisha kinyume chake. Maiti ya Bwana Ali yaonekana penye mzimu, na hofu yawashika watu. Bwana Msa, mwenye kiko chake, hatetemeki, yeye huuliza.

Mfano wake watoka kwa Sherlock Holmes wa Uingereza. Lakini katika vitabu vya mwandishi huyu, fundo kubwa mara nyingi ni nasaba na urithi: nani mwana wa nani. Hapo twaona Uswahili wenyewe. Lawama yetu ni moja, kwamba msomaji hufichwa mengi mpaka mpelelezi ayaeleze mwishoni.

Mwaka 1965 Bwana Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo, aliileta hadithi ya upelelezi Dar es Salaam. Huko Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914-18, wamekutana watu wa kila kabila, na si rahisi jirani kujua asili ya jirani.

Basi kitabu kisomwe shuleni, vijana wajizoeze kuuliza kabla ya kuogopa. Muuaji hufurahi mzimu ukishtakiwa, maana mzimu hauitwi barazani.