Milimita Moja Mdomoni mwa Mtutu

Watu wakimsifu msasi wa ndege, husifu jicho lake na wepesi wa mkono wake. Mimi namsifu kwa kazi anayoifanya kabla hajakanyaga porini: kuchagua choki ya bunduki na marisawa, yaani punje, ya kutia ndani yake. Kazi hiyo haina watazamaji, na wengi wenye shotigani hawaifanyi kabisa.

Choki ni ule mbano ulioko mwishoni mwa mtutu. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi kwa ndani, lakini ukikaribia mdomo hupunguzwa: robo milimita kwa choki legevu, nusu milimita kwa choki ya kati, karibu milimita moja kwa choki kamili. Basi, ni hivyo tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama marisawa yatatawanyika mapema au yatasafiri yameshikamana. Mvuvi wa kimia analijua jambo hili: wavu ukifunguka mapema haumfikii samaki wa mbali, na ukichelewa kufunguka humwangukia wa karibu kama fundo.

Wazo la choki lilizuka ng'ambo zote mbili za Atlantiki karibu wakati mmoja. Mwaka 1866 William Rochester Pape, fundi bunduki wa Newcastle, Uingereza, alichukua hataza ya mtutu wa namna hiyo. Mwaka 1868 Sylvester Roper wa Marekani naye akapata hataza ya choki ya kufunga na kufungua mdomoni. Aliyeieneza hasa ni W. W. Greener wa Birmingham, katika miaka ya 1870. Mtu anayebadilisha choki leo kwa kuizungusha na ufunguo mdogo anafuata njia ya Roper.

Sasa pasua ganda moja la risasi za ndege uone lilivyopangwa. Kitakoni pana shaba na fataki, juu yake baruti, juu ya baruti kikombe cha plastiki, na ndani ya kikombe ndimo marisawa yalimolala. Kikombe kile huyakinga yasisuguane na chuma cha mtutu, kwa sababu punje iliyobonyea haiendi sawa; huchepuka na kuachana na wenzake. Ndiyo maana watengenezaji wazuri huchanganya madini ya risasi na antimoni ili punje iwe ngumu. Na uduara wenyewe una asili yake: William Watts wa Bristol alipata hataza mwaka 1782 baada ya kugundua kwamba risasi iliyoyeyushwa, ikimiminwa kwenye chekeche juu ya mnara, hujiviringa yenyewe hewani na kutua majini ikiwa imeshakuwa mviringo. Alipandisha nyumba yake mwenyewe ikawa mnara. Majirani sijui walimwonaje.

Ukubwa wa punje ndipo wanunuzi wanapochanganyikiwa. Namba sita ya Marekani ina kipenyo cha milimita 2.8, namba sita ya Uingereza ni 2.6. Namba ikipanda, punje hupungua. Kwa hiyo mjuzi hasomi namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, anatafuta milimita pembeni mwa boksi. Ganda la gramu 32 la namba sita ya Kimarekani hubeba punje 250 hivi, na la namba saba na nusu, yenye punje za milimita 2.4, hubeba zaidi ya 390. Nyingi, lakini nyepesi, na nyepesi huchoka upesi hewani.

Hapo ndipo tabia ya ndege inapoingia. Kwale hujibana majanini mpaka ukaribie kumkanyaga, kisha huruka kwa kishindo. Unampiga akiwa mita 20, naye ana mwili mdogo. Choki legevu na punje za milimita 2.4 au 2.6 zinamtosha. Ukimpiga kwa choki kamili umbali huo, ama unamkosa ama unaokota manyoya na nyama isiyofaa hata mchuzi. Kanga ni habari nyingine. Ni mkubwa, manyoya yake ni mazito, na hukimbia kabla hajakubali kuruka, kwa hiyo anapoinuka keshakuacha mbali. Yeye anadai choki ya kati na punje za milimita 2.8 au hata 3.3.

Je, ukiwa na wote wawili katika pori moja? Mafundi wa zamani walilijibu swali hili kwa bunduki ya mitutu miwili, na jibu lao linanipendeza mpaka leo. Mtutu wa kulia huwa legevu, wa kushoto umebanwa, na kila mmoja una kifyatulio chake. Ndege akiruka kukukimbia, unaanza na wa kulia, na risasi ya pili inamkuta ameshasogea mbali. Ndege akisukumwa kuja kwako, kidole kinarudi nyuma kwenye kifyatulio cha pili na mpangilio unageuka.

Lakini maandishi yaliyochongwa kwenye choki si ushahidi. Ushahidi ni karatasi. Msasi makini huenda kwenye uwanja wa shabaha na karatasi yenye upana wa zaidi ya mita moja, anaisimamisha yadi 40, yaani mita 36.6, anafyatua mara moja, kisha anachora duara la sentimita 76 kuzunguka mahali palipojaa zaidi na kuhesabu matundu. Choki legevu inatarajiwa kuweka nusu ya punje humo, ya kati asilimia 60, kamili asilimia 70. Anahesabu tundu moja baada ya jingine, akiweka alama kwa kalamu asirudie. Kisha anaangalia mapengo: je, kuna mahali kanga mzima angepita salama? Anarudia kwa karatasi mpya, halafu kwa boksi la kampuni nyingine, maana bunduki moja hupenda risasi fulani na kuzikataa nyingine za uzito uleule. Ni kazi ya kuchosha, na siku nzima huisha bila hata ndege mmoja wa kupeleka nyumbani.

Siku hizi kuna marisawa ya chuma pia. Marekani ilipiga marufuku marisawa ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, kwa kuwa bata walikuwa wakizimeza punje matopeni na kufa kwa sumu. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo punje huongezwa ukubwa hatua mbili. Nacho hakibonyei, hivyo hutoka kimeshikamana hata kwa choki legevu. Kukipitisha kwenye choki kamili ya bunduki ya zamani ni kuharibu mtutu.

Ningelazimishwa kuchagua moja tu, ningechukua choki ya robo milimita, gramu 32 za punje za milimita 2.8, na ndege aliyevuka mita 35 ningemwacha aende. Wewe mwenye bunduki na leseni, usinifuate kabla hujajaribu kwenye karatasi: nunua maboksi mawili tofauti, chukua kalamu, uhesabu matundu ya mtutu wako mwenyewe.