Rangi ya Kibanja

Mchoraji anayefika Bukoba na kopo moja tu la rangi ya kijani ataumbuka kabla ya saa nne asubuhi. Jani la mgomba lililochomoza jana, likiwa bado limejiviringa, lina unjano zaidi ya ukijani. Likikunjuka hukolea. Upepo wa ziwani ukishalichana, kila utepe huinama upande wake na kupokea mwanga wake. Upande wa chini una unga wa nta unaoipooza rangi, lakini jua likiwa nyuma ya jani, upande huohuo huwaka. Chini ya migomba imesimama mibuni ya robusta, majani yake mazito yenye mng'ao, kivulini karibu meusi. Chini ya mibuni kuna maharage, na chini kabisa majani makavu ya mgomba yaliyotandazwa kutunza unyevu wa udongo. Hapo kwenye kahawia ndipo jicho linapopumzika, na mchoraji mwenye busara huanzia hapohapo.

Kijani cha dukani ni kikali mno kwa kibanja, yaani shamba hili la migomba. Hutulizwa kwa tone la nyekundu, au huachwa kabisa, ukachanganya bluu na njano mwenyewe, leo bluu izidi, kesho njano. Kazi hii haina haraka, maana rangi uliyoipata saa mbili, saa tatu si yake tena.

Aliyeijua dunia hii ya migomba na brashi mkononi ni Sam Ntiro, ingawa hakuwa Mhaya wa huku Bukoba. Alizaliwa Machame mwaka 1923, kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako migomba na kahawa hukaa shamba moja kama huku kwetu Kagera. Makerere alifundishwa na Margaret Trowell, ambaye alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake tukio la kijijini, kisha anawaacha wachore walichokiona kichwani. Baadaye Ntiro alisoma chuo cha Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru akaiwakilisha nchi yake huko Uingereza kama balozi. Cheo hakikumwondoa shambani. Watu wa picha zake waliendelea kulima, kuvuna, kubeba. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York likaichukua picha hiyo. Sijui watazamaji wa New York walielewa nini. Mtu wa Muleba aliyewahi kuona rubisi, pombe hiyo ya ndizi, ikipelekwa ukweni hana haja ya maelezo.

Wapo wanaoziona picha za Ntiro kuwa za kitoto: watu wadogo, nyuso hazina undani, umbali haufuati kanuni za Ulaya. Mimi naona alipima sawasawa. Ndani ya kibanja mtu ni mdogo kweli. Mgomba unampita kimo na hakuna upeo wa macho wa kukuonyesha kipi kiko mbali. Jirani unamjua kwa moshi wake na kikohozi chake. Anayechora sura kubwa katikati, na migomba nyuma kama pazia la studio ya picha, ndiye aliyekosea.

Ukitoka kibanjani mambo hubadilika ghafla. Kutoka Bukoba hadi Muleba nchi imepangwa kwa matuta marefu yanayofuatana sambamba na ziwa: kijiji na migomba yake, kisha rweya, nyasi tupu zenye miamba, kisha bonde, kisha tuta lingine. Kwa mchoraji huo ni mpango wa picha uliokwisha kukamilika. Na kwa kuwa ziwa liko mashariki, jua huchomoza majini. Mwanga wa asubuhi huja kwa ubavu na kuchora kila mkunjo wa kilima. Ikifika adhuhuri kila kitu kimelala bapa, heri kwenda kunywa chai.

Mvua nayo ina neno. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mafundi wa kuandika kuta za maduka wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Rangi ya mafuta haishiki ukuta wenye unyevu, kwa hiyo fundi hulitazama wingu kwanza, ndipo avute uzi wenye chaki kupata mistari miwili iliyonyooka na kupanga herufi kati yake. Tumbo la herufi hujazwa kwa brashi pana, kingo kwa brashi nyembamba iliyokatwa kwa wembe, na kivuli huwekwa mwisho, upande mmoja tu. Watu hupita bila kumtazama. Nani mwingine mjini huonyesha mkono wake hadharani kila siku?

Watu wa kale waliochora kwenye miamba ya Bwanjai, Kiziba, ambayo leo iko Missenyi, walitumia rangi nyekundu. Walizungukwa na mimea, lakini kijani cha majani hakidumu kwenye jiwe. Nyekundu ya udongo hudumu. Ushauri wao wa kuitegemea rangi ya udongo bado unafaa, nami ningeutumia kwenye picha ambayo ningependa mtu aichore kwa subira: bakuli la senene waliokwisha kunyonyolewa, wa kijani na wa kahawia wamechanganyika, pembeni kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni. Kazi ya wiki nzima, na nina hakika jirani atauliza kwa nini umechora chakula badala ya kukila.

Picha ngumu kuliko zote ni ile ya barabarani, kwenye mpando wa kwenda Kamachumu: mwanamume anasukuma baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, migomba nyuma yake, nyasi miguuni pake. Kijani juu ya kijani juu ya kijani. Mwanafunzi ataanza na migomba kwa sababu ndiyo mingi, na hadi jioni baiskeli itakuwa imemezwa. Mimi ningemwambia aanze na shati la yule bwana, jekundu lililopauka kwa jua na jasho, kisha kila rangi nyingine aichanganye huku akilitazama hilo shati.